Mzee Anayetetemeka Anaumwa Pia

Huenda kijijini kwako yupo mtu ambaye mkono wake unatetemeka hata anapokuwa ameketi tu. Anatembea kwa hatua fupi fupi. Mgongo umepinda kidogo. Sauti yake imekuwa ndogo. Ukimsalimu anachelewa kujibu, na uso wake hauchangamki kama zamani. Watu wanasema ni uzee. Wengine wanasema ni pombe. Wengine wanasema maneno mabaya zaidi, nami nitayafikia.

Leo sitaki kuzungumza juu ya kutetemeka. Kutetemeka kila mtu anakuona. Nataka tuzungumze juu ya jambo lisiloonekana, nalo ni maumivu. Mtu huyu anaumwa mabega, shingo, mgongo na miguu. Maoni yangu ni kwamba sisi jamaa zake, sisi majirani zake, na sisi watumishi wa zahanati, tunamwongezea maumivu hayo bila kujua. Tunaweza pia kuyapunguza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Jina ni la daktari wa Uingereza, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 aliandika habari za watu sita waliokuwa na ugonjwa huu.

Ndani ya ubongo wa kila mtu zipo chembe hai zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini huusaidia ubongo kuuamrisha mwili: anza kutembea, simama, geuka, funga kifungo. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo zinakufa kidogo kidogo. Dopamini inapungua. Basi mwili unakuwa mzito na mgumu, mambo yote yanafanyika polepole, na kwa wagonjwa wengi mkono au mguu unatetemeka. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye chumba kimoja bila hofu yoyote.

Usidhani ni ugonjwa wa nchi za mbali. Katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa hawa. Hesabu yao ya mwaka 2006 ilihusu watu zaidi ya 161,000. Walipatikana wagonjwa 33. Katika kila wagonjwa 10, karibu 8 walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huu. Walikuwa wakiishi nao tu nyumbani, wakiitwa wazee.

KOSA LANGU

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, kando ya Ziwa Viktoria. Nilisoma chuoni nikapata cheti, na bado ni kijana. Hivyo naomba nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijataja makosa ya wengine.

Kijijini petu kuna mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kushona nyavu. Siku moja alikuja zahanati akilalamika bega la kulia. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu," kwa sauti ndogo hata nikadhani amechoka kwa njia. Nilishika bega, nikaligeuza, nikampa vidonge vya maumivu. Alirudi mara ya pili, nikampa vidonge. Alirudi mara ya tatu, nikampa vidonge na dawa ya kuchua. Mara ya nne hakurudi. Nikadhani amepona.

Nilitazama bega, sikumtazama mtu. Kama ningemtazama akiingia mlangoni, ningeona kwamba mkono wake wa kushoto unakwenda mbele na nyuma kama mkono wa mtu yeyote anayetembea, lakini wa kulia umekaa ubavuni hautikisiki. Ningeona uso wake hauonyeshi hata maumivu anayoyaeleza. Bega gumu linalouma linaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa huu, hata kabla mkono haujaanza kutetemeka. Hilo nimelijua baadaye.

Zaidi ya mwaka ulipita. Kisha mke wake alikuja kutafuta dawa ya macho. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Mjukuu wangu, babu yako siku hizi anafunga vifungo vya shati mpaka chai inapoa. Usiku hawezi kujigeuza kitandani. Analia."

"Analia nini, bibi?"

"Anaumwa. Si wewe uliyempa vidonge?"

Sikuwa na la kujibu. Siku hiyo hiyo jioni nilikwenda nyumbani kwao. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kizito cha mbao nyuma ya nyumba, mahali ambapo wapita njia hawamwoni. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vikisuguana, kama mtu anayehesabu sarafu. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, nao wakampeleka hospitali ya rufaa. Huko alipewa dawa, na yeye na mkewe wakafundishwa jambo ambalo mimi sikufundishwa chuoni. Walifundishwa namna ya kuulegeza mwili. Bibi aliporudi, yeye ndiye aliyenifundisha mimi.

KWA NINI ANAUMWA

Fikiri umebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja toka ziwani mpaka nyumbani, bila kubadilisha mkono. Ukiitua, mkono unauma na bega linauma. Lakini umeitua, na kesho umesahau. Mgonjwa wa Parkinson ana ndoo ambayo haitui. Misuli yake inakaza mchana na usiku, hata anapokuwa ameketi. Viungo visivyokwenda vinakuwa vigumu. Mgongo uliopinda unavuta shingo. Wapo ambao vidole vya miguu vinajikunja vyenyewe, hasa alfajiri, na maumivu yake ni makali.

Sasa tazama jambo la pili. Wewe mtu mzima ukikutana na nyoka njiani, mwili wako wote unakaza. Mabega yanapanda, meno yanabana, pumzi inakuwa fupi. Nyoka akipita, unalegea. Kwa mgonjwa huyu hofu na aibu vinafanya kazi hiyo hiyo, ila juu ya misuli iliyokaza tayari. Mtetemo wake huongezeka akitazamwa na watu. Huongezeka akiwa dukani anatafuta fedha mfukoni na watu nyuma yake wanaguna. Akipata usingizi, kwa kawaida mtetemo hutulia.

Kwa hiyo maumivu yanaleta hofu, hofu inakaza misuli, na misuli iliyokaza inaleta maumivu mapya. Mbinu za kuulegeza mwili zinakata mzunguko huo mahali pamoja. Haziponyi ugonjwa. Chembe zilizokufa hazirudi kwa kuvuta pumzi. Lakini mtu akilegea, hata kwa nusu saa, anapumzika na ile ndoo.

Jambo hili si maneno ya kufariji tu. Mwaka 1929 daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, alitoa kitabu juu ya njia ya kulegeza mwili msuli kwa msuli, na wataalamu wa viungo wanaitumia mpaka leo. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli walitoa taarifa ya wagonjwa 20 wa Parkinson waliosaidiwa kulegea kwa kuwaza mahali patulivu. Mtetemo wao ulipungua. Kwa upande wa maumivu watu hawafanani: mmoja hupata nafuu kubwa, mwingine kidogo. Nimeona pia kwamba anayefanya siku mbili na kuacha hapati kitu.

NAMNA YA KUFANYA

Nitaeleza kama bibi yule anavyofanya na mumewe, maana ndivyo nilivyojifunza.

Kwanza anachagua wakati. Hafanyi wakati mzee ana njaa, wala wakati dawa yake imekwisha nguvu mwilini. Anafanya mara mbili kwa siku: asubuhi, dawa inapokuwa imeanza kufanya kazi, na jioni kabla ya kulala. Kila mara ni kama robo saa. Watoto wanaambiwa wakacheze mbali. Redio inazimwa.

Mzee anaketi kwenye kiti chenye egemeo. Nyayo zote mbili zinagusa chini. Mikono inawekwa juu ya mapaja, au juu ya mto. Kama shingo inauma, nguo iliyokunjwa inawekwa nyuma yake. Si lazima kulala chali. Wagonjwa wengi wakilala chali juu ya kitu kigumu shingo inawauma zaidi.

Kisha wanaanza na pumzi. Bibi anahesabu kwa sauti, polepole. Moja mpaka nne, mzee anavuta pumzi kwa pua. Moja mpaka sita, anaitoa kwa mdomo, kama mtu anayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hapo ndipo mwili unapolegea. Tumbo ndilo liinuke, kifua kisiinuke sana. Ukitaka kujua, mwekee mkono wake mwenyewe juu ya tumbo, ataona. Mara kumi zinatosha. Akisikia kizunguzungu, aache na apumue kawaida.

Bibi huyu alijifunza kusoma na kuhesabu katika madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970. Anahesabu kama mwalimu wake alivyohesabu ubaoni, kila namba kwa kituo. Ilinichekesha mwanzoni. Baadaye nikaona kwamba ile sauti yake ni nusu ya dawa. Mzee anajua namba gani inakuja, wala hakuna anayemharakisha.

Baada ya pumzi wanakwenda kwenye misuli. Wanaanza miguuni na kupanda juu. Mzee anakaza paja kidogo, bibi anahesabu mpaka tano, kisha anaachia, bibi anahesabu mpaka kumi. Halafu tumbo. Halafu kiganja: anafumba ngumi, anaifumbua. Halafu mabega: anayapandisha kuelekea masikio, anayaacha yaanguke. Halafu uso: anafumba macho kwa nguvu kidogo, anaachia. Maana ya kukaza kwanza ni kumfanya mtu ajue tofauti. Mtu aliyekaza miaka mingi hajui tena kwamba amekaza. Ukimwambia "legea" anakuambia "nimelegea," na mabega yako masikioni.

Hapa kuna tahadhari, tafadhali uisome mara mbili. Mgonjwa wa Parkinson asikaze kwa nguvu. Akaze kidogo tu, kama mtu anayeshika yai. Akikaza sana misuli inaweza kumshika na kumuumiza. Na ule mguu ambao vidole vyake hujikunja, usikazwe kabisa. Mguu huo uwekwe unyayo wote chini, goti likiwa limekunjwa, halafu mgonjwa aegemee mbele polepole huku ameketi ili uzito ukae juu ya unyayo. Huo ndio mnyoosho wake.

Mwisho wanawaza. Bibi anamwambia mzee afumbe macho aende ziwani. Mzee amekuwa mvuvi tangu ujana wake, hivyo haihitaji kumwelekeza sana. Ni alfajiri, upepo haujaanza, maji yametulia. Mtumbwi unakwenda wenyewe. Anasikia harufu ya dagaa walioanikwa. Lakini ugonjwa huu hupunguza nguvu ya kunusa, na mzee aliniambia kwamba harufu hiyo sasa anaipata ziwani kwa mawazo tu. Mgonjwa wako anaweza kuchagua shamba lake, au kivuli cha mwembe, au nyumba ya mama yake. Mwenyewe achague. Wewe usimchagulie.

Wakimaliza, mzee hainuki mara moja. Wagonjwa hawa wakisimama ghafla damu huchelewa kupanda kichwani, nao huanguka. Anakaa kidogo, anachezesha miguu, anashika mkono wa kiti, ndipo anasimama. Mtu awe karibu.

MAJI YA MOTO NA MIKONO YA WATU

Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa kinasaidia sana bega gumu na shingo. Kiwekwe kabla ya mazoezi ya pumzi, si zaidi ya robo saa. Maji uyapime kwa kiwiko chako wewe, si kwa mkono wa mgonjwa, maana mgonjwa anaweza kuchelewa kusema kwamba anaungua, na akichelewa kusema atachelewa pia kuukwepesha mkono. Nimefunga vidonda vya watu waliokandwa kwa majani yaliyotoka jikoni moja kwa moja. Aliyewakanda aliwapenda, lakini vidonda vilikaa wiki tatu.

Kuchua kwa mafuta ni kuzuri. Chua polepole, kwa kiganja chote, kuelekea moyoni. Usivute kiungo kilichokakamaa ili "kikae sawa." Usikanyage mgongo. Najua desturi zetu, mkwe hawezi kumchua baba mkwe. Basi mjukuu wa kiume ana kazi gani jioni? Kijana anayeweza kukaa saa mbili kwenye bao anaweza kumpa babu yake robo saa.

Usiku pia tuufikirie. Maumivu mengi ya usiku yanatokana na kulala upande mmoja bila kuweza kujigeuza. Mgeuze mara moja au mbili. Shuka iwe nyepesi na isimbane. Mzee wetu sasa amefungiwa kamba kwenye nguzo ya kitanda, anaivuta na kujigeuza mwenyewe. Mwanawe ndiye aliyeifunga, tena ni kamba ya wavu.

NYUMBA YENYE HOFU

Sasa nafika kwenye maneno mabaya niliyoyataja mwanzo.

Nilipomwuliza mzee kwa nini anaketi nyuma ya nyumba, alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani ni ugonjwa unaomchelewesha. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, nikikaa mbele watoto wanaokwenda shule wananiiga mkono. Na watu wazima wanasema uso huu si wa mtu mwema."

Tusijifanye hatujui maana ya maneno hayo. Katika sehemu zetu wazee wameumizwa, na wengine wameuawa, kwa kushutumiwa uchawi. Macho mekundu yametosha kuwa ushahidi. Sasa fikiri juu ya mtu ambaye misuli ya uso wake imekakamaa. Hapepesi macho sana. Hacheki unapocheka. Mtoto akizaliwa jirani anakuja kupongeza, lakini uso haupongezi. Ndani amefurahi, nje hakuna anayeona. Ugonjwa umemnyang'anya tabasamu, halafu sisi tunamhukumu kwa kukosa tabasamu.

Mtu wa namna hiyo atalegeza vipi mwili wake? Bibi anaweza kuhesabu mpaka asubuhi. Akisikia hatua nyuma ya ua mabega yanapanda tena. Ndiyo maana nasema mbinu hizi si za mgonjwa peke yake. Nyumba nzima inazifanya, au hazifanyiki.

Tulifanya jambo dogo. Kwa ruhusa ya mzee, mwenyekiti wa kitongoji alinipa nafasi ya kusema katika mkutano. Nilieleza ugonjwa huu kama nilivyoueleza hapa juu: dopamini, misuli, uso. Mama mmoja akauliza kama unaambukiza kwa kushikana mikono. Nikasema hapana. Mzee mwingine akasimama akasema yeye pia bega linamwuma mwaka wa pili, na mkono wake umeanza "kucheza." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilimwita zahanati kesho yake, nami safari hii nilimtazama akitembea kabla sijamwambia aketi.

Sitasema kwamba kijiji chote kimebadilika. Wapo wanaosema kwamba mganga kijana amelishwa maneno ya kitabu. Lakini kiti cha mzee sasa kiko mbele ya nyumba. Mwalimu wa shule alizungumza na watoto, na kuiga mkono kumepungua.

Jambo jingine ni haraka. "Fanya haraka, mzee" ni maneno yanayouma kama fimbo. Mgonjwa wa Parkinson hachelewi kwa uvivu. Ukimharakisha anakaza, akikaza anachelewa zaidi, na tena anaumwa. Miguu yake ikigoma kabisa, kana kwamba imegundishwa chini, usimvute mkono. Mwache avute pumzi, kisha umhesabie moja, mbili, tatu, aanze. Au mwimbie wimbo wa kupiga kasia. Mwendo wa wimbo huiamsha miguu.

Nasi wa zahanati tuna lawama yetu. Tunampa mgonjwa dakika tatu, na yeye anahitaji mbili za kuanza kusema. Tunamwuliza "unatetemeka?" wala hatumwulizi "unaumwa wapi, na saa ngapi?" Swali la saa ni muhimu sana. Kama maumivu yanakuja kila mara dawa inapokaribia kwisha, daktari anaweza kurekebisha saa za kunywa dawa au kipimo chake. Asipoulizwa hasemi. Anadhani maumivu ni sehemu ya uzee wake.

DAWA

Kulegeza mwili hakuchukui nafasi ya dawa. Dawa kubwa ya ugonjwa huu inaitwa levodopa. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa dopamini. Kwa wagonjwa wengi inapunguza ugumu wa mwili, na ugumu ukipungua maumivu nayo hupungua. Najua haipatikani kila mahali, na bei yake ni mzigo. Mzee wetu ameuza mbuzi kwa ajili yake. Anayeipata asiiache ghafla. Kuiacha ghafla ni hatari kubwa. Aimeze karibu nusu saa kabla ya chakula, maana nyama, samaki na maharage vinaweza kuizuia isifanye kazi vizuri. Kwetu ambako samaki ni chakula cha kila siku, jambo hili limekuwa na faida kuliko nilivyotegemea.

Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, nanyi mtasikia watu wakizisifu. Ni kweli imo. Lakini mbegu moja haifanani na nyingine, na huwezi kujua umemeza kiasi gani. Kupita kiasi kunaleta kutapika, kuona vitu visivyokuwepo na kuanguka. Usimpe mgonjwa upupu kwa siri huku anakunywa vidonge vya hospitali.

Vidonge vya kawaida vya maumivu vinaweza kutumika kidogo, kwa ushauri. Usimpe mzee vidonge vya maumivu kila siku kwa miezi, kama nilivyotaka kufanya mimi. Vingine vinachimba vidonda tumboni na kudhuru figo. Pia zipo dawa zinazoweza kuongeza ugumu wa mwili, au hata kuleta dalili kama za Parkinson. Mojawapo ni metoklopramaidi, inayotolewa kwa kutapika. Nyingine ni haloperido na kloropromazini, zinazotolewa kwa wagonjwa wa akili. Kabla ya kupokea dawa mpya, mtaje ugonjwa wake.

Yako pia maumivu ambayo hayangoji pumzi wala maji ya moto. Maumivu ya kifua. Maumivu baada ya kuanguka, hasa ya nyonga, akashindwa kukanyaga. Maumivu ya mgongo pamoja na homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kushindwa kukojoa. Haya yaletwe zahanati siku hiyo hiyo, hata usiku.

Na kama nyumbani kwako yupo mtu niliyemweleza, mlete, hata kama hatetemeki bali bega tu ndilo linalomsumbua. Njooni asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, ili asiharakishwe. Njoo na dawa zote anazotumia, za hospitali na za mizizi, ndani ya mfuko mmoja. Hakuna atakayekugombeza. Andika katika karatasi saa anazoumwa zaidi, kwa siku tatu tu. Kama wewe hujui bado kuandika vizuri, chora jua: linachomoza, liko juu ya kichwa, linazama. Nitaelewa.